Ng'ombe wa Baba Ndani ya Simu

Simu ya baba ilianguka kwenye josho siku ya kuogesha ng'ombe. Alikuwa ameitia katika mfuko wa shati, akainama kumsukuma ndama aliyegoma kuruka, nayo ikateleza ikazama kwenye maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe waliokuwa nyuma waliendelea kuruka mmoja mmoja, maji yakirushwa huku na huku, na hakukuwa na namna ya kuwasimamisha. Ikabidi angoje hadi wa mwisho apite ndipo aivute kwa reki.

Haya nilisimuliwa na mama kwa simu yake ndogo ya vibonyezo. Wao wanakaa mbele ya mji wa Kajiado, ukiacha lami na kuingia ndani. Mimi niko Kitengela, ambako nina duka la kushona sare za shule.

"Baba yako anakuja huko," mama akasema. "Hata chai hajakunywa. Amefunga hiyo simu kwa kitambaa, ameenda barabarani kungoja gari."

"Yeyo," nikamwambia mama, "si nitamnunulia ingine?"

"Hataki ingine. Anataka hiyo."

Sikushangaa. Mimi ndiye niliyempa simu hiyo, miaka kadhaa iliyopita, nikitaka tuwe tunaonana uso tukiongea. Kuonana uso hakukumvutia hata kidogo. Alisema nikitaka kumwona nije nyumbani. Kilichomvutia ni kamera. Alianza na fahali wake, kisha ng'ombe mmoja mmoja, akiwapiga ubavuni, usoni, na kwenye sikio penye alama ya ukoo wetu. Ndama akizaliwa, anapigwa picha kabla hajakauka. Jua likianza kushuka alikuwa anatoa kigoda nje, anakaa na kupitisha picha kwa kidole gumba, akiwaita kwa Kimaasai kila mmoja kwa jina lake, kana kwamba wako mbele yake.

Kisha ukaja ule ukame mkubwa. Nyasi zilipoisha kwetu, baba na wachungaji walihama na mifugo kuelekea Loitokitok, na huko nako kulipokauka wakasogea mbele zaidi. Mama alibaki nyumbani na mbuzi wachache. Kwa muda mrefu hatukumpata kwa simu. Siku aliporudi, alikuwa na ng'ombe wachache sana, wengine wakipepesuka. Alikunywa maji, akalala, na alipoamka hakueleza lolote. Sisi nasi hatukuuliza. Mvua ilikuja, waliobaki wakazaa, maisha yakaendelea. Picha tu ndizo aliendelea kuziangalia kila jioni, na tuliona ni mazoea yake ya siku zote.

Aliingia dukani kabla ya adhuhuri. Niliinama akanigusa kichwani kunisalimu, akakaa kwenye kiti cha wateja katikati ya mafungu ya sketi ambazo hazijatiwa zipu. Alipofungua kile kitambaa, duka zima likanuka josho.

"Uko na fundi unamwamini?" akauliza.

Nilikuwa naye. Ni mwanamke wa umri wangu, mzaliwa wa Ukambani, ana kibanda cha kutengeneza simu kwenye uchochoro nyuma ya duka langu. Ndiye hunitengenezea mashine ndogo ya kutolea risiti. Aliipokea simu kwa vidole viwili, akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mzee, hii ilianguka wapi?"

"Kwa josho."

"Nimeletewa za choo, za karai la nguo, hata moja ya unga wa chapati. Ya josho ndiyo ya kwanza." Akacheka, kisha akawa makini. "Ulijaribu kuiwasha?"

"Hapana. Niliogopa."

"Hapo ulifanya vizuri. Watu huwasha ikiwa bado na maji, ndio inaungua kabisa."

Aliifungua, akatoa memori kadi, akaifuta taratibu kwa spiriti na kuiacha ikauke chini ya taa. Baba alisimama wima mbele ya meza muda wote huo, ingawa alipewa kiti. Kadi ilipochomekwa kwenye kompyuta, kioo kikajaa vipicha vidogovidogo vya rangi ya udongo, nyeusi, nyeupe na mabakamabaka.

"Ziko!" fundi akasema. "Hebu nione ni ngapi..."

"Usihesabu," baba akamkata, bila ukali. "Kwetu ng'ombe hawahesabiwi, ni mkosi."

"Pole, mzee. Sitahesabu."

Akawa anazifungua moja moja, na baba akawa anawataja. Walikuwa ng'ombe wa miaka ya neema, wenye nundu zilizosimama na ngozi inayong'aa, na nyasi zimewafika magotini. Halafu picha zikaisha. Ya mwisho ilikuwa ya mtamba mwekundu aliyezaliwa kabla ya ukame.

"Zile zingine?" baba akauliza.

Fundi alimweleza vizuri. Kadi ilikuwa imejaa zamani, na ilipojaa simu ikaanza kuweka picha mpya ndani yake yenyewe. Kadi ilikuwa imepona. Simu ilikuwa imeliwa na dawa. Angeweza kuosha bodi yake na kumpelekea mwenzake wa Nairobi mwenye vifaa vya kutengeneza sehemu ndogondogo, ajaribu kuiamsha japo kwa muda mfupi, ili picha zihamishwe. Hakuahidi chochote.

"Na kuna jambo lingine," akasema. "Ikiwaka, itataka namba yako ya kufungua. Usinipe hiyo namba, na mwenzangu pia usimpe. Kila kitu chako kiko humo, jumbe zako, pesa zako. Ikifika hapo nitaita, ukuje uweke mwenyewe."

Baba alimtazama upya, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Sawa," akasema. "Nitangoja."

Alingoja kwangu. Nyumba yangu iko katika ploti iliyozungushiwa ukuta, na ukuta humchosha baba, kwa hiyo asubuhi alikuwa anatoka kwenda kutazama malori ya Namanga yakipita, au kusimama pembeni mwa kiwanja kimoja ambacho hakijajengwa bado, ambako mtu hulisha mbuzi wake. Siku ya pili mama akapiga. Niliweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Nimesikia za zamani zimepatikana," mama akasema. "Si inatosha? Hao wa mwisho walikuwa mifupa. Unataka kuangalia mifupa ya nini?"

Baba akaisogelea simu.

"Hao ndio walikuwa na mimi huko," akasema. "Ng'ombe akikonda haachi kuwa wangu."

Mama akamuuliza kama amekula.

Jioni hiyo, tukisubiri ugali uive, niliona afadhali nizungumzie mambo ya mbele. Nilimwambia kwamba ipo njia ya kuweka picha mtandaoni, na hata simu ikianguka tena, zenyewe zitabaki.

"Mtandaoni ni wapi?"

"Ni kompyuta kubwa, Papa. Ziko mbali, nchi zingine."

"Za nani?"

"Za kampuni."

"Mimi nawajua?"

"Huwajui."

"Na wao, wananijua?"

Ilinibidi nifikiri. "Wanaweza kukujua kidogo. Jina, namba ya simu, pale ulipopigia picha."

"Kumbe wao wataona ng'ombe zangu, na mimi sitawaona."

Hakuwa amekosea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza "nakubali" mara nyingi bila kujiuliza hivyo. Nilimweleza kwamba mtu anaweza kuzifunga picha kwa neno la siri kabla ya kuzituma, na aliyezitunza asiweze kuzifungua. Pia tungeweza kutia nakala kwenye diski ndogo ikae kwangu, na nyingine ikae nyumbani.

"Anza na hizo za diski," akasema. "Hizo za wageni nitafikiria."

Wiki haikuwa imeisha fundi alipotuita. Simu ilikuwa imelala uchi mezani, haina mgongo, imeshikiliwa kwa nyaya, na kioo cha kuazima kimeunganishwa kando. Ilikuwa inawaka. Baba akatugeuzia mgongo, akaweka namba yake polepole. Fundi aliunganisha waya wa kompyuta, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Nje kulikuwa na mtu anayegonga bati, na kila akigonga nilimwona fundi akikunja uso, kana kwamba kelele zingeitikisa ile simu. Mstari ulikuwa karibu kufika mwisho simu ilipozimika. Alijaribu kuiamsha tena na tena. Haikuitika.

"Nyingi zimetoka, mzee," akasema. "Chache za mwishomwisho zimebaki humo. Na sidhani itaamka tena."

Nilimtazama baba nikiogopa. Alitikisa kichwa kukubali. "Umefanya kazi," akamwambia. Fundi alipotaka kumfungulia picha, akamzuia kwa mkono. "Funga. Nitaangalia nyumbani."

Jumamosi tulienda pamoja. Nilibeba kompyuta yangu na diski mbili nilizokwisha kujaza. Mama alikuwa ametandika ngozi nje, upande wa kivuli cha nyumba, na amechemsha chai ya maziwa. Tulianza na wale wanono. Mama alimkumbuka huyu aliyekuwa na maziwa mengi na yule aliyempiga teke akamvunjia kibuyu, akacheka hadi akashika ubavu.

Tulipofika kwa picha za ukame, akainuka kwenda kutazama moto.

"Kaa," baba akamwambia. Alisema kwa upole, nikahisi amekuwa akitafuta namna ya kulisema kwa muda mrefu.

Mama akakaa. Zikaja moja baada ya nyingine. Ng'ombe waliosimama kwenye vumbi, mbavu zikionekana kila moja. Ng'ombe waliolala na hawakuinuka. Baba aliwataja kama alivyowataja wale wengine, kwa sauti ileile, akieleza huyu alianguka karibu na mto mkavu, huyu walimbeba kwa mikono wakamsimamisha asubuhi tatu, ya nne akakataa. Ilikuwa mara ya kwanza tuyasikie hayo.

Kisha ikatokea picha ambayo haikuwa ya ng'ombe. Ilikuwa ya uso, umekaribia mno na umepinda, macho yamekodolea kitu kingine. Mashavu yalikuwa yamebonyea na midomo imepasuka. Nilichelewa kutambua kwamba ni baba.

"Hiyo ni makosa," baba akasema. "Kamera iligeuka, nikafinya bila kujua. Pita."

Mama aliushika mkono wangu nisipitishe. Aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, halafu akamwangalia mwenyewe aliyeketi pembeni yake, mwenye afya, shuka begani.

"Ulikuwa unakula nini huko?" akamuuliza kwa Kimaasai.

"Maziwa yalipokauka, chai ya turungi tu. Na sukari ilipoisha, turungi bila sukari."

"Ulirudi na ukalala. Nilidhani ni uchovu."

"Ilikuwa uchovu."

"Hukuniambia."

"Ningesema nini?" Baba akachukua kikombe chake, akakitazama ndani. "Wewe pia ulikuwa na njaa hapa."

Mimi nilijifanya nashughulika na waya. Baadaye mama akaniambia, bila kunitazama, "Hiyo ya uso iweke vizuri. Ukitaka kufuta kitu, usifute hiyo."

Ni yeye aliyemshawishi baba kuhusu mtandao. Alisema diski yaweza kuliwa na panya au moto, na kama hao watu wa mbali hawawezi kufungua, watajua nini? Nikazifunga picha, nikampa baba kompyuta achague neno la siri. Nilimwonya kwamba akilisahau, mimi, fundi na hao wenye kampuni hatutaweza kumsaidia. Aliandika kwa kidole kimoja, akarudia. Halafu akamwinamia mama na kumnong'oneza sikioni. Mama akacheka kwa mshangao, akampiga begani. Mpaka leo hawajaniambia ni neno gani.

Diski moja iko kwangu, kwenye droo ya vifungo na zipu. Nyingine iko kwenye sanduku la mama. Simu mpya ya baba haitiwi tena kwenye mfuko wa shati siku ya josho, hubaki nyumbani. Bondeni hakuna mtandao wa maana, kwa hiyo akitaka picha ziende, hupanda hadi kwenye kilima nyuma ya boma, akasimama na simu mkononi akizungumza na majirani wanaopita, kisha hunipigia kuuliza kama zimefika.

Juzi alinipigia hivyo. Nilimwambia sioni ng'ombe yeyote, naona mama, ameinama juu ya sufuria, nguo imetota mbele, na uso umejikunja kwa moshi.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ilifika sawa?"

Nikasikia mama akimnyang'anya simu. "Futa hiyo picha! Kwani siku ile ya kanisa nikiwa nimevaa vizuri hakuniona?"

"Yeyo, haifutiki kirahisi. Iko mahali pengi sasa."

"Nani alisema iwekwe?"

Nyuma yake baba alikuwa anacheka, ule mcheko wake usio na sauti nyingi, na mama akakata simu.