Waziri Agensti na Swali la Pili

Huko Kwale, miaka ile ya hamsini na kitu, ungeuliza Waziri Dzombo ni nani, watu wangekutazama tu. Ungeuliza Agensti, hata muuza kahawa angekuonyesha: yule pale, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, kalamu mbili mfukoni. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa bomani.

Jina hilo alilitafuta mwenyewe, hakusingiziwa. Alikuwa na daftari la maneno ya Kizungu, kila neno na matumizi yake, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "against". Alilikuta mara ya kwanza kortini, limekaa katikati ya majina ya watu wawili waliogombea mbuzi, akadhani kazi yake ni hiyo tu, ya kugombanisha. Kumbe! Akalikuta tena kwa daktari aliyekuja kuwachanja watu wasipatwe na ndui. Akalikuta kwa Bwana Shauri, yaani Mzungu mwenye wilaya, akimkaripia tarishi kwa kuegemeza baiskeli kwenye ukuta uliopakwa chokaa jana. Akalikuta kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na mashua, akilalamika kwamba kutoka kisiwani Wasini mkondo wote wa maji ulikuwa ukimkabili usoni. Neno lile lile moja! Waziri aliyaandika yote, kurasa tatu nzima, kwa mwandiko wa kupendeza.

"Sikilizeni, jamaa," alikuwa akiwaambia watu mkahawani. "Sisi tuna kupinga, tuna kukinga, tuna kuegemea, tuna kukabili. Mzungu ana neno moja tu, kila siku hulivalisha nguo nyingine."

"Na mke akinuna akakupa mgongo, hiyo nayo ni agensti?" akauliza Menza, fundi wa cherehani.

"Hiyo ndiyo agensti yenyewe!"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na tangu siku hiyo jina likamganda. Nayasema haya mapema ili ijulikane: alilolifanya Waziri hakulifanya kwa kutojua. Hakuna mtu pwani yote ya kusini aliyelijua neno lile kama yeye.

Waziri hakuzaliwa Kwale, alizaliwa Munje, huko upande wa Msambweni. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado hajaota meno ya pili, akachukuliwa na dada yake mama, Bi Mwanaima, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto wa tumbo lake. Bi Mwanaima ndiye aliyemlea. Wajomba waliposema skuli itampoteza kijana, ni yeye aliyesuka mikeka mchana kutwa ili Waziri apate kanzu ya kuendea skuli Waa. Alikuwa mjane, na alikuwa na shamba karibu na ufuo: minazi aliyoipanda marehemu mumewe, kisima cha maji matamu, na kaburi la mume huyo pembeni, limezungushiwa mawe. Kila Ijumaa alilifagia. Alikuwa ameshamwambia Waziri, bila ya huzuni yoyote, mahali hasa atakapotaka kulazwa yeye siku yake ikifika: hapo, upande wa kulia.

Basi mwaka wa hamsini na nne ukaja uvumi kwamba Mzungu mmoja ameomba ufuo ule ajenge nyumba za wageni, kutoka kisimani hadi kwenye miamba. Serikali ikasema mambo yafanywe kwa haki. Bwana Shauri atakwenda Munje kufanya baraza, na mwenye kupinga apinge mbele yake. Akiwapo hata mmoja, shauri litarudi nyuma lichunguzwe upya. Asipokuwapo, ardhi itatolewa.

Hapo lazima uwajue watu wa Munje na adabu yao ya kukataa. Kwao, mtu mzima hamtupii mwenziwe neno la kukataa usoni. Kwanza atakusifu, atawaombea dua wazazi wako, atakwambia hana neno nawe wala kinyongo. Kisha atanyamaza. Sasa ni juu yako wewe uliyeuliza kuuliza mara ya pili: "Na jengine?" Hapo ndipo litatoka neno lenyewe, na likitoka limetoka, hata ukilia. Usipouliza, hulipati. Ni kama umemwambia akae nalo moyoni, naye kwa heshima yake atakaa nalo. Posa ngapi za wageni zimeharibika hapo! Wanakuja watu wa mbali, wanapewa maneno ya asali, wanaondoka wanacheka, wakirudi na mahari wanakuta bibi harusi ameshaolewa kwengine. Lakini mtoto wa Munje hulijua jambo hili kabla hajajua kufunga kikoi chake.

Na Waziri alikuwa mtoto wa Munje.

Ila wiki ile kulikuwa na jambo. Karani mkuu wa bomani alikuwa akistaafu, na Bwana Shauri, kijana mwekundu mwenye haraka ya kila kitu, alikuwa amesema mbele ya Waziri kwamba anatafuta mtu asiyefuatwafuatwa na jamaa zake. Waziri akayaweka maneno hayo kifuani. Njia nzima ya kwenda Munje hakutaja kwamba mwenye shamba la pale kisimani ndiye mama aliyemlea. Alijiambia hilo ndilo la haki, asije akaonekana anapendelea. Jamani, mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno mazuri.

Baraza likafanyika katika banda la makuti karibu na msikiti. Wanaume wawili wakasimama wakasema wao wameridhia. Waridhie wasiridhie, shamba si lao! Kisha akasimama Bi Mwanaima, akaitengeneza leso yake kichwani.

"Bwana," alisema, "karibu Munje. Mwenyezi Mungu akupe umri, awahifadhi na wazazi wako huko walikobaki. Umetuheshimu kwa kuja mwenyewe. Mimi sina neno nawe, wala na huyo mwenzio anayetaka kujenga. Ni wageni wetu, na wageni twawapenda."

Akanyamaza. Akaikunja mikono juu ya tumbo, akamtazama Waziri.

Waziri akayatafsiri maneno yote, moja moja, vizuri mno. Akafika mwisho. Na swali la pili lilikuwa pale pale kwenye ulimi wake, maneno mawili tu, "Na jengine?", hata pumzi moja hayamalizi. Bwana Shauri akatazama saa. Alikuwa na baraza jengine Msambweni kabla ya adhuhuri. Akauliza kwa Kizungu, kalamu mkononi: mama huyu ni "against", ama siye?

Kurasa tatu! Kurasa tatu alikuwa nazo Waziri za neno lile. Akafungua mdomo, akajibu kwa Kizungu kizuri kabisa kwamba la, bwana, hapingi.

Bwana Shauri akaandika. Bi Mwanaima alikuwa bado amesimama, anangoja.

"Ahsante, mama. Kaa kitako," Waziri akamwambia, kwa sauti anayowaambia wanawake wote wa barazani.

Baraza lilipokwisha, wakati Waziri anakunja meza, mama yake mkubwa akamsogelea.

"Shikamoo, mama," Waziri akasema, bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hamkuniuliza la pili?"

"Bwana ana haraka leo, mama. Utaulizwa Kwale."

"Haya basi, nitangoja," akasema Bi Mwanaima, akaenda zake kumfungulia mbuzi wake.

Waziri akapata ukarani mkuu. Alikabidhiwa funguo za kabati na kiti chenye mito.

Baada ya miezi, wapima ardhi wakafika Munje na vigingi vya saruji. Majirani wakamwendea Bi Mwanaima mbio: mama, shamba lako linakwenda! Naye akawaambia, kwa utulivu ule ule, "Haliwezi kwenda. Mimi sijaulizwa bado. Mwanangu yuko huko huko bomani, ameniambia nitaulizwa."

Akafunga safari mpaka Kwale. Akakaa kwenye baraza ya ofisi tangu asubuhi, miguu yake ina vumbi, akamwambia tarishi, "Mwambie Waziri nimekuja kuulizwa." Waziri alikuwa ndani. Akamtuma tarishi akamwambie kwamba Bwana Shauri yuko safarini. Na Bwana Shauri yuko chumba cha pili anakohoa, na kikohozi chake kinasikika mpaka nje! Bi Mwanaima akakisikia. Akasema, "Maskini, Bwana ana kifua," akaondoka. Alidhani anafichwa kwa sababu ya ugonjwa. Hakufikiri hata kidogo kwamba mwanawe anaweza kumwambia uongo.

Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alimletea Waziri mkate wa kumimina aliompikia, umefungwa kwenye jani la mgomba, bado una joto la kwapa lake. Akauacha kwa tarishi. Waziri aliutazama mkate ule siku nzima, jioni akampa tarishi.

Kisha vigingi vikawa ua wa waya. Minazi ya mbele ikakatwa. Bi Mwanaima akapewa mahali kwengine, huko nyuma bara, penye udongo mwekundu na maji ya chumvi, na kaburi la mumewe likabaki ndani ya ua.

Waziri akaanza kuchakaa. Mkewe, Biasha, akamwambia, "Wewe mume wangu una nini? Cheo umepata, mbona wapungua?" Akajibu hana kitu. Mkahawani, Menza akipiga kelele "Agensti amefika!", watu wakicheka, yeye alikuwa akiinamia kikombe chake. Alilifungia lile daftari kabatini bomani. Akawa anampelekea mama yake mchele na vitambaa, na kila mara analetewa shukrani na dua, na zile dua ndizo zilizomuua. Akisujudu msikitini alimwona amesimama barazani na mikono imekunjwa tumboni, anamtazama, anangoja. Alijuta, jamani. Alijuta mpaka akachoka kujuta, na bado.

Mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa Shaabani, wakati watu wanapoombana radhi kabla ya kuingia Ramadhani, akashindwa kuvumilia. Akaenda Munje. Akamkuta Bi Mwanaima ameketi mkekani mlangoni, anachambua mchele ule ule aliompelekea yeye. Akaketi mbele yake chini, mchangani, karani mkuu mzima na koti lake.

"Mama, nimekuja kusema jambo. Siku ile ya baraza, Bwana aliniuliza kama wewe wapinga. Nikamwambia la. Nilijua wapinga. Nilijua yanipasa kukuuliza la pili, na sikukuuliza. Nilitaka cheo. Na zile siku ulizokuja Kwale, Bwana alikuwapo."

Bi Mwanaima akaendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jengine. Kisha akaweka ungo chini.

"Mwanangu," alisema, "Mwenyezi Mungu akurehemu, amrehemu na mamako aliyeniachia wewe. Umefanya vizuri kuja mwenyewe, hukumtuma mtu. Nimekulea kwa mikono hii, na umenilisha kwa mikono yako. Mimi sina neno nawe, wala sina kinyongo."

Akanyamaza. Akaikunja mikono juu ya tumbo, akamtazama.

Mtu mwengine angedhani amesamehewa. Angebusu mkono, akapanda basi akarudi kwake na moyo mweupe. Na Waziri angeweza kufanya hivyo hivyo, kwani asipouliza, mama huyu hatasema, si leo, si hata siku ya kufa. Mwanawe ataondoka na maneno ya asali, na hakuna atakayemlaumu. Alikaa pale. Kuku wakaja wakadonoa mchele ulioanguka. Bi Mwanaima hakuwafukuza.

"Na jengine, mama?" akauliza.

"Nikifa," akasema Bi Mwanaima pole pole, "usishuke kaburini kunipokea. Kuzika nizike na watu. Lakini mikono yako isinipokee."

Kisha akauchukua ungo wake, akamwuliza kama Biasha na watoto hawajambo.

Alifariki mwaka uliofuata, baada ya Idi. Hawakuruhusiwa kumzika upande wa kulia wa mumewe, maana mwenye ua hakutaka. Wakamchimbia pale kwenye udongo mwekundu. Jeneza likawekwa kando ya kaburi, Mangi, jirani yake, akawa ameshashuka ndani, na imamu akageuka kumtafuta mtu wa pili, mtoto wa nyumba hiyo.

"Waziri, shuka umpokee mama yako."

Watu wakampisha njia. Hakuna aliyejua maneno yale isipokuwa yeye na marehemu. Waziri alikuwa amekwisha kuvua viatu, maana miguu ilijiendea yenyewe. Akasimama kwenye ukingo, udongo ukimporomoka chini ya vidole.

"Mama yangu nampenda," akasema. "Ndiye aliyenilea, wala sina neno naye."

Akanyamaza. Umati wote wa Munje ulikuwa pale, watu wanaojua, wazee waliomfundisha yeye mwenyewe swali la pili. Akawatazama uso kwa uso, akangoja amwulize mmoja wao, amtoe lile lililomo kifuani.

Hakuna aliyemwuliza. Menza, aliyekuja kutoka Kwale kwa ajili ya maziko, akamshika bega akamweka kando, akavua kofia, akashuka yeye.