Ushahidi Nilioutoa Juu ya Mtoto wa Kaka Yangu

Kaka yangu alipomwacha mke wake, pale Rumonge, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, binti yao alikuwa bado hajang'oa jino. Kwa sheria yetu Waislamu, mtoto wa umri ule hukaa na mama yake. Kaka alilijua hilo, ndiyo maana akaja kwangu.

"Sema anamuacha mutoto peke yake akienda Kizuka," aliniambia. "Hilo tu."

Ni kweli mama alikwenda Kizuka kukamua mawese, siku mbili, pengine tatu. Lakini mtoto alikuwa akiachwa kwangu, tukilala kitanda kimoja. Mimi nilikuwa mjane, na nyumba niliyokaa alinijengea kaka. Niliogopa kumkatalia.

Wadachi hawakuingilia kesi zetu za ndoa. Shehe aliyeziamua alitukalisha barazani kwake, akaniuliza, nikasema kama nilivyoagizwa. Wifi yangu alinitazama tu. Mtoto ndiye aliyesema, "Shangazi, si nilikuwa kwako?"

Shehe akanigeukia. "Anasema kweli?"

"Iko mudogo," nikajibu. "Anachanganya siku."

Hakumuuliza tena. Mtoto akapewa baba yake, na mama akarudi kwa ndugu zake Gatete.

Mke mpya wa kaka hakuwa mtu mbaya. Hata hivyo mtoto alikonda, na kwangu, hatua chache tu, hakukanyaga. Mwezi wa tatu wa kukaa kwa baba yake akatoroka. Mwanamke mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alimkuta peke yake njia ya Gatete, miguu imevimba, akamrudisha. Kaka akamchapa. Nilikuwa uani naosha vyombo, nikasikia fimbo zote, wala sikuinuka.

Kesho yake nilikwenda kwa shehe nikamweleza yote.

"Ulisema uongo," akasema, "na mimi sikumsikiliza mtoto. Nenda kamwite mama yake."

Mtoto alirudishwa Gatete wiki ile ile. Kaka hakunifukuza, ila aliacha kunisalimia mpaka alipokufa.

Mwaka ule ule nikaenda Gatete kuwaona, nimebeba kipande cha kitambaa. Wifi yangu alinipa kigoda na chakula. Mtoto alinisalimia kwa adabu, kisha akasimama nyuma ya mama yake.

"Njoo kwa shangazi," nikamwambia.

"Usimlazimishe," mama akasema, bila hasira.

Nilikula nikiwa nimeinamia sahani, nikaaga jua likiwa bado juu.