Mitungi ya Ubavuni

Mlio ulitufikia kabla hatujaona kitu. Chuma kiligonga chuma, kisha mwangwi mzito ukatanda juu ya soko la Kakuma na kukataa kuisha. Dada yangu akasimama katikati ya njia, akainua kidole.

"Hiyo si gesi ya kupikia," akasema. "Hiyo ni mitungi ya hewa."

Tulikuwa tumetoka Lodwar kuitafuta. Dada alijifunza kuzamia huko pwani, alipokuwa akifanya kazi hotelini, na sasa kikundi kinachotoa nyavu zilizopotea chini ya ziwa letu kilikuwa na nafasi moja kwa mzamiaji wa hapa. Sharti aje na mitungi yake. Lakini mgongo wa dada uliharibika siku pikipiki ilipomwangusha kwenye njia ya Lorugum, na daktari alimkataza kubeba hata gunia la unga. Ikabaki namna moja tu: mitungi miwili, mmoja kila ubavu, ipelekwe mmoja mmoja hadi majini na afungiwe humo humo.

Nyuma ya duka, Msomali mwenye ndevu za hina alikuwa akishusha mizigo kutoka kwenye lori. Alikuwa na jozi mbili za mitungi ya chuma, moja ndefu na moja fupi.

"Abaayo, dada yangu, chukua ndefu," akamwambia dada. "Hewa mingi. Utakaa chini mpaka samaki wakuzoee."

"Kaka, mimi mwenyewe nazidiwa urefu na huo mtungi."

"Utakua."

Kijana mmoja wa Sudan Kusini, aliyekuja kununua waya wa simu, aliombwa aivae ndefu ili tuione. Ilimkaa kama mikono aliyozaliwa nayo. Kwa dada, ambaye tulimshikia uzito wake, ilifika magotini, na alipojaribu kugeuka akaangusha ndoo tatu za mwenye duka.

"Mtungi wa alumini ukiisha hewa huinua matako yake," dada akanieleza. "Chuma hakiinuki. Lakini ziwa letu ni vuguvugu, nitavaa nguo nyepesi zisizoelea. Nikijitia chuma kingi nitazama kama jiwe." Akachukua fupi.

Nyumbani kazi ikawa kuipanga. Shingo ya mtungi hubanwa chini ya kwapa kwa mpira, na huku chini kuna mkanda wenye ndoano inayonaswa nyuma ya kiuno. Ukiusogeza mkanda kuelekea shingo ya mtungi, mtungi unateremka miguuni. Ukiushusha kuelekea kitako chake, mtungi unapanda kifuani. Haya yote hupimwa majini. Sisi tulikuwa na uwanja wa mchanga.

Nyanya alitoka ndani, akamzunguka dada mara mbili. Nyanya amefunga mizigo ya punda tangu ujana wake.

"Hii iko juu sana," akasema. "Punda ikishuka mlima, mzigo inaingia shingo."

"Nyanya, ziwani hakuna mlima."

"Umeenda chini ukaona?"

Ziwa letu dada alikuwa hajalizamia bado. Majirani wakamuunga mkono Nyanya, nami pia. Tukaisogeza mikanda, mitungi ikateremka hadi mapajani, na dada, majirani wawili wakimshikia uzito, akasimama pale juani amependeza kabisa, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Jumamosi tukaenda kwenye bwawa la hoteli moja ya Lodwar. Mwalimu wa kile kikundi, mama wa Mombasa aliyejitanda leso, alikuwa ameketi ukingoni na kikombe cha chai.

"Mwanangu," akamwambia dada, "ulale katikati ya maji. Usiguse sakafu, usiibuke, mpaka nimalize chai hii. Ukiweza, kesho twaenda sote. Ukishindwa, nitachukua mwengine."

Dada akazama. Miguu ikatangulia. Akajaribu kulala, miguu ikamsimamisha tena wima, imara kama nguzo ya stima. Wateja waliokuwa wakila mbuzi wakaacha kutafuna.

"Amepanga foleni ya nini mle?" mmoja akauliza.

Mwalimu akapiga funda. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Dada akaibuka, akaja ukingoni na macho mekundu. "Mikanda," akaninong'oneza. "Vidole vinne chini, upesi." Tukaivuta mitungi, nikaanza kupambana na skrubu za mikanda zilizolowa. "Chai haijaisha," mwalimu akasema, akainua kikombe tena.

Hapo Nyanya, aliyekuja nasi na kigoda chake, akainuka. Akazunguka bwawa, akaketi mbele ya mwalimu.

"Ejok," akamsalimu.

Mwalimu akaweka kikombe chini. Kwao mtu haamkii mzee na kikombe mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumbani iko aje?"

"Kwema, alhamdulillahi."

"Watoto?"

"Hawajambo, wakusalimu."

"Mbuzi?"

"Nina mmoja tu, mama, naye hajambo."

Nyanya akashika kifua. "Mmoja? Ingine ilienda wapi?"

"Hawakuwapo, mama."

"Pole sana."

"Nishapoa," akasema mwalimu. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza, "Na mbuzi wenu, mama, hawajambo?"

Nyanya akavuta kigoda karibu. Alianza na yule mweupe mwenye madoa, akaja kwa mama yake, kisha kwa ugonjwa wa mama yake. Mhudumu akaja kuchukua kikombe, mwalimu akamzuia kwa kidole. Skrubu ya mwisho ilikaza Nyanya alipofika kwa mbuzi mwekundu aliyevunjika pembe.

Dada akazama tena. Safari hii mitungi ilinyooka sambamba na mbavu zake, miguu ikapanda taratibu, na mwili wote ukatulia kati ya sakafu na mwanga. Jua lilimchora mistari mgongoni, nayo ndiyo pekee iliyosogea.

Mwalimu akaomba radhi kwa Nyanya, akageuka kutazama bwawani. Kisha akaichukua chai yake, iliyokwisha kufanya utando, akainywa yote funda kwa funda, bila kumpendelea mtu. Dada hakusogea.

"Alfajiri," mwalimu akasema. "Asichelewe."

Alfajiri pikapu ikapiga honi nje. Nyanya akamtemea dada mate ya baraka kwenye paji la uso, mengi kuliko kawaida. Dada, aliyekuwa anakwenda kushinda majini, hakujifuta. Akatoka na mtungi mmoja umelala kwapani mwa dereva na mwingine kwapani mwangu, akapanda, na niliporudi ndani Nyanya akaufunga mlango wa bati, kabla vumbi la gari halijaingia.