Namba Nne kutoka Mbarara

Machi 2013 nilimpoteza mama katika hospitali ya Mbarara, na kando ya kitanda chake hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Kanuni iliyosababisha hayo niliitunga mimi.

Shule niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa mwangalizi wa chumba cha intaneti katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale: kompyuta tatu, sola, na mtandao unaokatika ovyo. Mtandao ulinichosha, na watu wetu walinichosha zaidi. Sisi wa Kivu ya Kusini, Kongo, hatusemi jambo bila salamu. Mtu anapata dakika mbili za sauti, anauliza kanisa, ng'ombe, watoto, mvua. Akikaribia habari yenyewe, laini imekufa. Halafu ananigombeza mimi.

Mama alipolazwa, aliyemuuguza ni baba mdogo, muuza vitenge wa Ruti, mtaa wa Mbarara. Nikamwandikia kanuni kwenye karatasi. Tuache sauti, tutumiane namba tu, mimi Nakivale, yeye chumba cha intaneti cha karibu na hospitali, maana maandishi mafupi yalipenya. Moja: hali ni ileile. Tatu: ana nafuu. Nne: njoo sasa. Anayepokea arudishe mbili, yaani nimeipata. Mbili isiporudi, mtumaji asiondoke kwenye kompyuta, arudie mpaka ijibiwe.

"Bila salamu?" aliuliza.

"Bila salamu."

"Hata ng'ombe zinanusana kwanza, mutoto wangu."

"Ng'ombe hazikatikiwi mtandao, baba mudogo."

Akacheka, akaiweka karatasi ndani ya Biblia.

Kesho yake akaandika: "Shalom. Habari ya kanisa? 1." Nikamkaripia, mimi, mtoto wake. Siku ya tatu akaandika tena shalom, nikamkaripia tena.

Siku ya tano ikaja namba peke yake: 4.

Nilipaswa kubonyeza mbili. Lakini namba ile kutoka kwa mzee wangu, tupu namna ile, ilinishinda. Vidole vikaandika: "Shalom baba mdogo, pole sana na kazi ya kuuguza." Kabla sijaweka mbili, mtandao ukakatika. Ujumbe haukwenda.

Sikusubiri. Pikipiki mpaka Kabingo, taksi mpaka Mbarara. Wodini nikakuta mama amefunikwa shuka.

"Yule mzee alisema anarudi sasa hivi," muuguzi aliniambia. "Tangu asubuhi!"

Nilimkuta kwenye chumba cha intaneti mbele ya lango la hospitali, Biblia wazi kando, kioo cha kompyuta kimejaa namba nne. Alikuwa anabonyeza nyingine.

"Umefika! Mbona hukurudisha mbili? Ulisema nisitoke, sikutoka hata kujisaidia."

"Nilianza na salamu," nikasema. "Ikakatika."

Akanitazama. Sikuona hasira, na hilo lilinikera kuliko matusi.

"Na mama yako?"

Kwetu msiba hausemwi kwa haraka. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye.

"Shalom, baba mudogo."

"Shalom."

Nikamuuliza habari za watoto wake. Akanijibu, mmoja mmoja, polepole, mpaka wa mwisho. Ndipo nikamwambia.