Hereni za koili ya jiko la umeme zilivyomtoa mkwe wangu nyumbani

Vijana mliomo humu, wakuu na wasio wakuu, marahaba. Nimeitikia kabisa, maana najua wengi wenu mtasahau kuniamkia.

Mimi ni bibi wa Same, huku chini ya milima ya Upare. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya irukeni tusonge. Akaunti hii alinifungulia mjukuu wangu Upendo, alipokuwa bado anaishi hapa. Ninayoyaandika yamenipata mwenyewe. Wa kuyakanusha angekuwa wifi yangu Naetwe, dada wa marehemu mume wangu, naye yuko chumba cha pili anasikia simu inavyolia tik tik.

Juzi binti mmoja aliuliza humu. Anatengeneza hereni za shanga, mteja mmoja kavimba masikio, wengine wazima, afanyeje?

Nikasoma majibu. Mmoja anamwambia ana nuksi akaombewe. Mwingine anasema mteja karogwa. Wengine wamejaza vile vikatuni vya kucheka machozi.

Binti, achana nao. Kaa nikueleze.

Nilianza shanga baada ya kufiwa na mzee wangu. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiuza gulioni Makanya. Kiswahili chake kidogo, changu cha haraka, tukawa tunaelewana kwa mikono. Nikikosea ananichapa kidole, anafumua kazi yote, ananirudishia uzi mtupu. Hakuna cha pole.

Uzi wangu ulikuwa unachanika nywele nywele kabla sijamaliza mstari. Akanionyesha kuuvuta juu ya mshumaa, upande huu na huu, mpaka ukakamae. Uzi ukawa unakatika wenyewe, nikidhani ni mbovu. Kumbe ni shanga. Zipo zenye tundu kali kama kopo lililokatwa. Pitisha sindano na uizungushe humo. Ikikwaruza, tupa shanga hiyo, usiionee huruma.

Fundo la nailoni nalo linateleza. Funga, rudia kufunga, halafu rudisha mkia wa uzi ndani ya shanga kadhaa ndipo ukate. Na mnaochoma ncha kwa kiberiti, mnaunguza shanga ya mwisho halafu mnamlaumu muuzaji.

Kiringi cha hereni usikipanue kama unafungua mdomo wa mgonjwa. Hakitarudi duara, na hereni itabaki njiani. Shika kwa plaizi, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukimaliza zirudishe, zitakutana.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni kikulabu, ule waya unaoingia kwenye tundu la sikio.

Nilianza na shaba ya ndani ya nyaya za umeme. Masikio ya watu yakawa ya kijani. Nikaenda kwenye waya wa kufungia nondo. Ukaota kutu, kola nyeupe ya mwanakwaya ikapata doa, akaniimbia wimbo ambao haupo kitabuni.

Ndipo nikaona kwa fundi mmoja hapa mjini koili mpya za majiko ya umeme. Ule waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Nikanunua, nikaunyoosha, nikakata, nikasugua ncha kwa tupa mpaka zikawa laini. Ukang'aa. Nikauloweka kwenye maji ya chumvi makusudi, haukuota kutu.

Nikasema, basi, nimeshinda.

Hereni za kwanza za koili nilimpa mkwe wangu, mama Upendo, mke wa mwanangu Elisante. Nyekundu na nyeupe, ndefu, azivae siku ya kipaimara cha Upendo. Alipendeza. Akawa anazivaa kila siku, hata akienda kuteka maji.

Masikio yakaanza kuwa mekundu. Yakavimba. Yakatoa maji. Anazivua, yakipoa anazivaa tena kwa sababu mama mkwe ndiye kampa. Hakusema kitu. Wakwe wa siku hizi wanasema kila kitu, wangu akawa yule mmoja asiyesema.

Aliyesema ni Naetwe. Alisema uani, wanawake wa jumuiya wakiwa wamekuja kusali kwetu.

"Shanga za porini, waya wa motoni, mikono ya mjane. Mnataka nini tena?"

Watu wakacheka. Lakini nilimwona mama mmoja anashika sikio lake na kuanza kuvua hereni niliyomuuzia.

Nikamwambia mama Upendo, "Zilete hapa."

Nikazifuta kwa spiriti, nikazivaa mimi, mbele yao wote. "Haya. Kama zina kitu, kinikute mimi."

Nilidhani nimemaliza kesi. Nikazivaa wiki nzima, nikalala nazo. Masikio yangu haya ya kizee yakakaa kimya kama hayapo.

Naetwe akaja kuyatazama kwa karibu, akageukia wenzake. "Si niliwaambia? Zinamjua mwenyewe."

Vijana, hapo ndipo nilipofungwa mdomo. Zingenivimbisha ningekuwa salama. Zilivyoniacha mzima, nikawa mchawi.

Mama Upendo akaniaga. "Mama, naenda kwetu Bombo kidogo, nikapumzishe masikio."

Nikamwambia nenda. Lakini anayekwenda kupumzisha masikio habebi sare za shule za watoto. Alibeba za Upendo, akabeba na mto wa mdogo wake. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakishuka kwenda stendi, na Upendo alinipungia mkono mpaka mama yake akaushusha.

Hawakurudi.

Elisante anafanya kazi machimbo ya jasi Makanya. Jumamosi anakuja na nyusi nyeupe kwa vumbi, anakula, anasema ahsante mama, analala, anaondoka. Nikimuuliza habari za Bombo anasema wazima. Neno moja. Nilizaa mtu wa maneno mengi, sijui alipeleka wapi mengine.

Naetwe akaanza kulia chakula chumbani kwake. Makande nikawa napika kidogo mpaka nayasikia maharage yanagonga sufuria. Majirani wakanisalimu kutoka ng'ambo ya barabara, shikamoo ya haraka na mguu unaendelea. Yule mama wa Kimasai naye alishahama na mifugo kufuata majani. Shanga nilizitia kwenye kopo, kopo nikaliweka juu ya kabati.

Kuna siku nilizungumza na redio. Ilikuwa inasoma bei ya mahindi nikaijibu.

Siku nyingine nikaona nianike godoro la chumba chao lisije likaoza. Nikasogeza mlango, na nyuma yake, kwenye msumari, inaning'inia saa ya mkononi ya mama Upendo. Aliisahau.

Nikaigeuza. Mgongoni, pale inapogusa ngozi, imeshonewa kitambaa. Na kwenye kifungio chake pia kitambaa. Mshono mdogo mdogo, wa mtu mwenye subira.

Kitambaa chenyewe nakijua. Ni kanga yangu ya kijani, niliyomkatia nepi za Upendo alipozaliwa. Wakati huo sijashika hata shanga moja!

Nikakaa juu ya chaga za kitanda. Nikakumbuka alipokuja kuolewa, aliivaa saa hiyo juu ya leso, nikamtania kwamba saa yake inaona baridi. Akasema, "Inaniwasha, mama." Nikacheka, nikasahau.

Asubuhi nikafunga kwenye leso ile saa, hereni na kipande cha koili, nikapanda gari la kupitia Kisiwani mpaka hospitali ya Gonja. Nikampata nesi mmoja kijana. Nikamwaga vitu vyangu mezani, nikamwambia sijaja na ugonjwa, mgonjwa mwenyewe ni mkwe wangu, yuko Bombo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mkwe wako akivaa suruali ya jinzi, pale kwenye kifungo tumboni hapati upele?"

"Mkwe wangu havai jinzi."

Akacheka. Akaniambia ndani ya vyuma vingi kuna madini yanaitwa nikeli. Waya wa koili umejaa nikeli, ndiyo maana hauoti kutu. Watu wengi hawana shida nayo, ila wapo ambao ngozi yao inaikataa. Jasho likigusa chuma ndiyo mbaya zaidi, na tundu la sikio ni kama kidonda kilicho wazi.

"Mbona mimi sikudhurika?"

"Bibi, wewe unakula dagaa. Mwenzio akila anavimba midomo. Utasema dagaa wana mganga?"

Nikamwambia ayaseme tena taratibu, niyashike vizuri. Akayasema tena.

Kutoka hapo nikapanda Bombo.

Nilimkuta mama Upendo uani anachambua maharage. Masikio yamepona, yameacha alama nyeusi. Alinyanyuka, akaniamkia kwa kupiga goti. Watoto walikuwa shule. Mama yake mzazi akasimama mlangoni, akaitikia salamu, hakutoka wala hakuingia.

Nikaitoa saa. Akaiona, akaweka mkono mdomoni.

"Elisante ndiye aliyenipa," akasema. "Nikaona aibu kusema inaniwasha. Nikaishonea."

"Na hereni nazo uliona aibu."

"Ndiyo, mama."

Nikamweleza yote ya nesi. Nikampa nyingine nilizomtengenezea usiku ule nilipoiona saa, hazina chuma hata kidogo, kitanzi cha nailoni nene kinapita sikioni na kufungwa kwa ushanga. Akazivaa palepale. Akatikisa kichwa zikagongana, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikasikia mtu wa nyumbani kwangu anacheka.

Nikamwambia, "Basi twende."

Akatazama maharage.

"Mimi nakuamini, mama. Lakini nikirudi leo, kesho huyu mdogo akikohoa, wifi yako atasema nini? Na mimi nikisikia, nitalala?"

Nilikunywa chai, nikashuka peke yangu.

Sasa binti uliyeuliza. Kabla ya kumuuzia mtu hereni, muulize saa inamwasha? Mkufu wa bei rahisi je? Akisema ndiyo, usimpe koili wala vikulabu vya kung'aa vya dukani usivyojua vimetokana na nini. Mpe vya plastiki au kitanzi cha nailoni. Rangi ya kucha isiyo na rangi, mnayoambiana humu mpake kwenye waya, inasaidia siku chache halafu inabanduka. Na sikio likishavimba, vua, usirudie kuvaa kwa heshima ya mtu. Heshima hiyo mimi siitaki.

Mwenye swali aulize hapo chini, nitajibu polepole, natumia kidole kimoja. Mwenye ujuzi zaidi anisahihishe. Wa nuksi na kurogwa apite.

Jibu la swali la mama Upendo nililipata njiani, limechelewa kama gari lenyewe. Jumamosi Elisante alipokuja nilimwambia apige simu Bombo, afungue spika, aiweke katikati ya meza. Nikamwita Naetwe atoke chumbani. Mama Upendo akaitika halo, halo. Nikasema kwa sauti ya kumfikia kila mmoja:

"Kuanzia leo, mtoto akikohoa ndani ya nyumba hii, apelekwe hospitali. Atakayetaja jina la mtu kabla daktari hajataja jina la ugonjwa, afungashe vitu vyake aondoke, na Naetwe, naanza na wewe."