Marahaba ya Magdalena

Kuhani hana mama. Hiyo ndiyo sheria ya makuhani wanaotawala nyota zote: kuhani akikutwa bado anamkumbuka ndugu yake wa damu, anauawa. Na Iramba iko mikononi mwao tangu vyombo vyao vya angani vilipotua Sekenke, kwenye machimbo ya zamani, kutafuta dhahabu. Wakubwa wetu wa Singida Mjini? Wanapiga magoti kama sisi tu.

Naftali, mtoto pekee wa Magdalena wa Ulemo, walimchukua wakamfanye kuhani akiwa kijana, jembe mkononi, shambani kwenye alizeti. Magdalena alilia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye akapiga moyo konde, akalima, akakamua mafuta yake, na kila chombo kilipotua alikwenda Sekenke kuangalia nyuso.

"Dada, ukimwona, funga mdomo," jirani yake Selina alimsihi. "Utamuua."

"Nitafunga. Nataka nimwone tu."

Mwaka huu wakashuka makuhani watatu, watu wakapangwa njiani kuwalaki. Wa katikati alikuwa mzee, mvi tupu, mgongo umepinda. Magdalena alikuwa ameshampuuza, ndipo akaona anavyotembea, bega la kushoto mbele, vilevile kama marehemu mumewe. Jamani! Huko walikompeleka miaka inakimbia. Kwetu mavuno machache, kwake umri mzima. Mwanawe alikuwa mzee kuliko yeye.

Moyo ulimlipuka, lakini aliinamisha uso. Naftali akafika mbele yake, akasimama. Sijui ni uzee, sijui ni harufu ya mashudu ya alizeti kwenye kanga yake, maneno yakamtoka:

"Shikamoo, mama."

Mzee wa mvi kumpa shikamoo mwanamke wa makamo! Na nani wa kwetu huku, aliyelelewa akaleleka, ataacha salamu ya mwanawe ining'inie? Kabla hajawaza, Magdalena alishajibu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Makuhani wale wawili wakageuka. Mmoja akamuuliza Magdalena, "Unamjua huyu?"

Akadhani bado anaweza kumwokoa.

"Simjui. Sisi huku tunaitikia kila anayetusalimu."

"Mtazame vizuri."

Akamtazama machoni. "Simjui. Mwanangu alishakufa."

Midomo ya Naftali ikatetemeka, na hiyo ikawatosha makuhani kujua kwamba bado anamkumbuka. Wakamvua joho palepale, wakamwongoza kuelekea shimo la machimbo, mzee wa watu, miguu mitupu, akigeuka na kugeuka tena. Wakamsukumia humo. Magdalena hawakumgusa, kwa sheria yao hana kosa.

Selina hachoki kumwambia kwamba Naftali alielewa, kwamba alijua mama yake anamkana ili apone.

"Hukumwona alivyokuwa anageuka?" Magdalena humjibu. "Alikuwa anangoja nimwite. Nami nikanyamaza."