Gemu ya Kaseti Isiyohifadhi

Mdogo wangu wa kike anaipenda gemu ya kaseti kuliko ninavyoweza kuvumilia. Amepata moja mnadani, ya kijivu, pedi zake za kuchezea zimezungushiwa utepe mweusi, akanipigia simu kwa furaha ya mtu aliyejifungua salama. "Dada, njoo Jumapili baada ya misa. Nimepata kama ile yetu!" Mimi ile yetu nilishaiombea iozee huko huko iliko.

Yetu aliinunua baba, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa pwani, mwaka ambao mpunga ulimlipa. Hakuinunua kwa upendo mtupu. Bonde letu la mpunga lina utaratibu wake: mvua zikianza, wazazi wanahamia shamba. Wetu walivuka mto kwenda upande wa Lupiro, wakaishi kibandani miezi kadhaa, wakilima, wakipalilia, wakiwinga ndege, mpaka mavuno. Watoto wa shule tunabaki mjini na debe la mchele, dagaa kidogo na mkubwa wa kuwaangalia wenzake. Nyumbani kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini, mkubwa nilikuwa mimi, miaka kumi na minne, na wa kuangaliwa alikuwa mdogo wangu wa miaka tisa. Baba alitaka kitu cha kutuzuia tusizurure. Akaamua gemu itatosha kuwa yaya.

Na ilitosha kweli, niipe haki yake. Uliiunganisha na TV yetu ya chogo, nene kwa nyuma, ukabonyeza, ukaanza kucheza; haikukusubirisha wala kukuomba chochote. Kaseti ya njano ilijitangaza kuwa na michezo elfu kadhaa, wizi mtupu, kwa sababu ishirini ya kwanza ndiyo iliyojirudia kwa majina mengine. Ikigoma, tuliichomoa na kuipuliza, tukiamini pumzi zetu ni dawa. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ilikuwa nakala ya mashine ya Kijapani ambayo watoto wa huko walishaichoka kabla sijazaliwa. Sisi hatukujua kama tumechelewa. Tulipokezana zamu kwa haki, ukiishiwa roho unampa mwenzio, na sijawahi kuona watoto wa simu za siku hizi wakiheshimu zamu namna ile.

Ila haikuhifadhi. Ukizima, umepoteza kila kitu, kesho unaanza upya. Wanaoisifia leo wanasema hapo ndipo tulipojifunza uvumilivu. Mimi nikiwasikia napata hasira, kwa sababu najua nilijifunza nini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefika hatua ya mwisho, nina roho mbili. Mdogo wangu aliweka pedi yake chini kabla zamu yake haijafika. Nilifurahi, nikajua zamu zote ni zangu. "Dada, kichwa kinaniuma. Nipeleke hospitali," alisema.

"Ngoja nimalize hatua hii," nikamjibu bila kugeuka.

Akajilaza kwenye mkeka nyuma yangu. Baada ya muda akaniita tena, na tena. Nikaongeza sauti ya TV. Hilo ndilo nisilolisamehe: si kwamba sikumsikia, niliongeza sauti ili nisimsikie. Jitu la mwisho likanimaliza roho zote mbili, na nilipogeuka macho yake yalikuwa yamepinduka, mwili mzima unatetemeka.

Jirani alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikimshikilia kwa nyuma. Alilazwa siku nyingi. Malaria ilimwachia uhai, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Wazazi walipofika kutoka shamba, matope bado miguuni, niliwaambia imeanza ghafla, na mimi nikaitupa pedi pale pale. Mama alinikumbatia akalia. Tangu hapo, kila wageni wakija, mama husimulia jinsi nilivyomwokoa mdogo wangu. Na mdogo wangu hunishukuru. Kila Krismasi ananipa kitenge.

Jumapili nikaenda. Tulikaa kwenye mkeka mbele ya TV, yeye, mimi na binti yake wa miaka minane. Nilikaa upande wake wa kushoto. Sitadanganya kwamba ilitokea tu, nimekuwa nikikaa upande huo miaka yote.

"Hii haina kuhifadhi," alimweleza mwanawe huku akicheza. "Unajua mama mkubwa alikuwa amefika hatua ya mwisho siku nilipougua? Aliiacha katikati kwa ajili yangu. Mwenzangu angekuwa mwingine, mimi leo sipo."

Nikainama nikasema polepole, kwenye sikio lile bovu, kama mwoga nilivyo: "Sikuiacha. Uliniomba nikupeleke hospitali, nikakwambia ngoja nimalize. Nikaongeza sauti."

Yeye aliendelea kubonyeza, macho kwenye TV. Nikapumua. Nilikuwa nimesema, na hakuna kilichoharibika.

Lakini watoto wa nyumba ile wamefundishwa tangu wadogo: neno likimwangukia mama upande wa kushoto, wewe lichukue ulipeleke kulia. Binti aliinuka, akamzunguka mama yake, akaweka mdomo kwenye sikio lake zima na kurudia maneno yangu yote, moja baada ya jingine, kwa sauti safi, bila kuruka hata lile la kuongeza sauti.

Mdogo wangu hakunigeukia. Aliishika pedi bila kubonyeza, na yule mtu wake wa kwenye gemu akatumbukia shimoni, akarudi, akasimama tu.

"Mwambie mama mkubwa," alimwambia mwanawe, "nimesikia."